Wasomaji Wanauliza: Pinboli Zilikwenda Wapi, na Iliyobaki Itunzwe Vipi?

Nilisoma Ujerumani miaka ya 1980. Baa nyingi za mitaani zilikuwa na pinboli kando ya ukuta. Mwaka jana nimerudi kikazi, sikuona hata moja. Nini kiliziondoa? — Msomaji, Mikocheni

Kwa wasioijua, pinboli ni meza ya miguu minne iliyoinamishwa, ina kioo juu, na ndani yake kuna gololi ya chuma inayorushwa kwa spiringi. Mchezaji anaizuia isidondoke kwa flipa mbili, vile vipande vya chini vinavyopiga anapobonyeza vitufe vya ubavuni. Flipa zilianza mwaka 1947 kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb ya Chicago. Kabla ya hapo mtu alirusha gololi akabaki kutazama inaangukia wapi, na ndiyo sababu miji kadhaa ya Marekani iliihesabu kuwa kamari. New York iliipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1940, ikairuhusu tena mwaka 1976 baada ya mchezaji hodari Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani na kuipeleka gololi kule alikosema itakwenda.

Wengi hulaumu michezo ya video, na ni kweli iliingia kwa kishindo kuanzia 1978. Lakini sisi tunaona mzigo mkubwa ulikuwa matengenezo. Mashine ya video ina skrini, bodi na vitufe. Pinboli ina swichi na taa kwa makumi, koili za sumaku, pete za mpira na skrubu zinazolegea kila siku, kwa sababu chuma cha gramu 80 kinagonga kila kitu humo ndani. Swichi moja ikichafuka, sehemu ile haitoi pointi, na mchezaji haweki tena sarafu. Mwenye baa alihitaji fundi wa kupita kila wiki. Fundi alipostaafu bila kuacha mwanafunzi, mashine ilipelekwa stoo.

Mwaka 1992 aina moja ya mashine ya kampuni ya Bally iliuzwa zaidi ya nakala 20,000. Miaka 7 baadaye kampuni ya Williams, waliokuwa wanamiliki jina la Bally, walifunga kabisa utengenezaji wa pinboli. Stern wa Chicago wakabaki karibu peke yao kwa miaka mingi. Leo zinatengenezwa tena na kampuni kadhaa, ila wanunuzi wengi ni watu wa majumbani, hivyo hutazikuta ukipita mtaani.

Ukitaka kuelewa jambo hili ukiwa hapa hapa Dar es Salaam, tazama kona ya baa yoyote ya Sinza au Temeke. Utakuta meza ya pool au bonanza, ile mashine ya kamari ya sarafu. Meza ya pool inadai kitambaa, chaki na miguu iliyosawazishwa, basi. Bonanza ikiharibika mwenye nayo anabadilisha bodi nzima kwa dakika chache. Pinboli haikubali mkato huo, na tunasikitika, kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizo ambayo mtu mmoja anaweza kuichezea saa nzima kwa sarafu moja, mradi mikono yake imejifunza.

Mzee wetu ametuachia pinboli ya mwishoni mwa miaka ya 1980 iliyotoka Marekani. Imekaa stoo Upanga miaka mingi. Tukiiwasha flipa zitafanya kazi? Tuanzie wapi? — Familia, Upanga

Poleni na msiba. Tafadhali msiichomeke kwanza.

Anzeni na umeme. Mashine ya soko la Marekani imefungwa kwa volti 120, na sisi tuna 230. Ndani ya sanduku, chini, kuna transfoma kubwa; nyingi za wakati huo zina nyaya za kuhamisha ili ipokee 220 au 240, na jedwali lake liko kwenye kitabu cha mashine. Mkihamisha, fyuzi kuu nayo ishuke hadi karibu nusu ya ampea za awali, kwa kuwa mkondo unapungua. Msipopata jedwali, nunueni transfoma ya kushusha 230 kuwa 110, isiwe chini ya VA 500 (yaani volti mara ampea). Ya 1,000 ni bora zaidi. Plagi iwe ya pini tatu na waya wa ethi ufike kweli kwenye chuma cha mashine.

Kisha fungueni kichwa cha mashine, lile sanduku lililosimama nyuma, mtazame betri. Mara nyingi ni AA tatu zilizokaa kwenye bodi kuu, kazi yake kutunza rekodi na mipangilio. Zikizeeka huvuja, na majimaji yake hula shaba ya bodi na miguu ya vipuri hadi mashine ikafa bila dalili nyingine. Zitoeni. Mkiona unga wa kijani au mweupe, futeni kwa siki nyeupe kwa mswaki laini, suuzeni kwa maji safi, malizieni kwa spiriti, iacheni ikauke siku nzima. Siki inafaa kwa sababu uvujaji wa betri za alkali ni wa kibesi. Betri mpya zifungwe kwenye kisanduku chake kwa nyaya, mbali na bodi na chini yake.

Fyuzi zote mzing'oe moja moja na kuzipima zikiwa nje, maana zikiwa mahali pake mita inaweza kusoma njia nyingine na kuwadanganya. Mpya iwe na ampea zile zile na aina ile ile. Anayefunga waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi anaichoma mashine.

Kabla ya kuinua meza ya ndani, toeni gololi zote. Zikibaki zinabingirika hadi nyuma na kuvunja plastiki. Kioo cha juu ni cha usalama, kama cha mlango wa gari: hakiogopi kishindo cha katikati, ila ukingo wake ukigusa sakafu ya vigae kinaweza kupasuka chote vipande vidogo. Kiwekeni juu ya godoro au zulia.

Sasa flipa. Koili ya flipa ina waya mbili zilizosukwa pamoja: moja nene yenye nguvu, takriban omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme), na nyembamba ya kushikilia, zaidi ya omu 100. Unapobonyeza, nene inainua flipa. Ikifika mwisho, kijiswichi pembeni kinafunguka na kuikata, ikabaki nyembamba. Ncha za kijiswichi zikiwa zimeungua, umeme haupiti vizuri na flipa inakuwa dhaifu. Kisipofunguka kabisa, waya nene unakaa na umeme wote na koili inatoa moshi. Flipa ikiwa imeinuka hadi mwisho, nafasi kati ya ncha iwe milimita 1.5 hadi 3. Ncha hizi ni ngumu, zisafisheni kwa tupa ndogo laini. Swichi nyingine za mezani zimepakwa dhahabu nyembamba; hizo msiziguse kwa tupa wala msasa, pitisheni kadi ngumu kavu katikati huku mkizibana kidogo.

Kama bado ni dhaifu, tazameni mrija wa plastiki ndani ya koili na fimbo ya chuma inayopita humo. Fimbo ikifumuka kichwa kama msumari uliogongwa sana, inakwama. Mrija ubadilishwe, fimbo isawazishwe kwa tupa. Oili hapana, hata tone: inashika vumbi la chuma na kuwa gundi. Koili iliyoungua anaweza kuisuka upya fundi wa mota na feni, mkimpelekea nzima na ahesabu mizunguko na unene wa waya. Dayodi ya koili, kipuri kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikiwa imekatika mwekeeni ya namba 1N4007, inapatikana Kariakoo kwa mafundi redio. Mstari wake uelekee upande wa umeme chanya.

Siku ya kuwasha, mmoja asimame na mkono kwenye swichi ya ukutani. Koili ikivuta yenyewe na kuunguruma bila kuachia, zima papo hapo: transista yake, kipuri cha bodi kinachoiwasha na kuizima, imekufa, na mkisubiri koili nayo inafuata.

Upanga iko karibu na bahari. Hewa ya chumvi inaota kutu kwenye viunganishi, kwa hiyo iwekeni mbali na dirisha na mfunike kwa shuka la pamba. Nailoni inafungia unyevu. Umeme ukikatika, chomoeni hadi urudi na kutulia. Na meza isimame kwa mwinamo wa nyuzi 6.5, yaani nyuma iwe juu sentimita 11.4 kwa kila mita moja ya urefu. Upande kwa upande mtumie pima maji.

Gololi zimeota kutu. Naweza kuzing'arisha kwa msasa? — Msomaji, Ilala

Usifanye hivyo. Gololi yenye vishimo inakwangua rangi ya meza kila inapopita, na rangi ikitoka hairudi. Tafuta mpya za milimita 27. Wauza beringi wa Gerezani wakiwa na gololi ya inchi 1 na 1/16, ni kipimo hicho hicho. Ioshe mafuta yake kwanza, kisha meza ipake nta ya gari isiyo na chembe za kusugulia.

Nataka wanafunzi wangu watengeneze pinboli ya mbao isiyotumia umeme. Vipimo gani vinafaa? — Mwalimu, Mbagala

Hili limetufurahisha mno. Chukua plaiwudi ya milimita 12, sentimita 45 kwa 90; shiti moja la futi 4 kwa 8 linatoa mbao tano, na seremala wa Keko atakukatia. Piga msasa namba 120 kisha 240, vanishi mikono miwili, siku moja katikati. Zungushia kingo za mbao za inchi 3. Nyuma inyanyuke sentimita 5 na nusu. Ukizidisha, gololi ya kioo inakimbia kuliko mikono ya mtoto.

Gololi za dukani nyingi ni milimita 16 hivi. Misumari ya inchi moja na nusu igongwe milimita 10 tu, isitokeze chini, na toboa kwanza kwa keekee nyembamba ili ubao usipasuke. Nafasi kati ya misumari iwe milimita 22 au zaidi gololi ipite, au chini ya 13 isipite. Ukiacha 15 hadi 17, itakwama hapo kila mara, na hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi kwenye mbao za namna hii. Njia ya kurushia upande wa kulia iwe na upana wa 22, na kona ya juu izibwe kwa ukanda uliopinda wa plastiki ya ndoo.

Pete za tyubu ya baiskeli zilizovutwa kati ya misumari miwili zinarudisha gololi vizuri. Zikae milimita 8 juu ya ubao, usawa wa kitovu cha gololi. Zikiwa juu zaidi zinaikandamiza, zikiwa chini zinairusha kwenye kingo.

Flipa zichongwe kwa mti mgumu, urefu sentimita 7, na zikitulia ziiname nyuzi 30 kuelekea kwenye mwanya wa katikati wa milimita 26. Kila moja ishikwe na bolti ya milimita 6 inayopita ubaoni, na chini ya ubao ifungwe mkono wa sentimita 5 unaovutwa kwa uzi hadi ubavuni, na mpira wa kuurudisha. Bolti, flipa na mkono lazima vizunguke pamoja, hivyo bana kila upande kwa nati mbili zinazokazana. Nati moja italegea kabla kipindi hakijaisha. Uzi uwe wa kushonea viatu, maana wa nailoni mwembamba hurefuka na flipa ikaanza kuchelewa.