Mabaka ya chungwa kwenye vyungu vya Wahopi

Je, mabaka ya chungwa kwenye vyungu vya Wahopi, wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, yamepakwa? Hapana, hayo mabaka si rangi ya kupaka wala glezi (mpako unaong'aa kama kioo), ni kazi ya moto. Udongo wa First Mesa, eneo la Wahopi huko Arizona, ukiwa mbichi ni wa kijivu. Una chuma ndani yake, na hewa ikipita vizuri wakati wa kuchoma hugeuka manjano hadi chungwa. Kwa njia ya jadi, tanuri halitumiki. Vyungu hupashwa moto kwanza taratibu (unyevu ukibaki ndani, vinapasuka), hupangwa chini nje, hufunikwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, ndipo samadi kavu ya kondoo hurundikwa juu. Vigae ni muhimu sana: samadi ikigusa chungu chenyewe huacha doa jeusi. Pale joto na hewa visipolingana ndipo mabaka hutokea.

Kinachopakwa ni michoro tu. Ile nyeusi ni majani ya mmea wa kleome yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, yakachanganywa na jiwe la chuma lililosagwa. Brashi ni jani la mmea wa yuka lililotafunwa ncha likabaki nyuzi. Mng'ao hutokana na kusugua kwa kokoto laini kabla ya kuchoma.

Ndivyo walivyofinyanga katika ukoo wa mfinyanzi Mhopi Nampeyo (alifariki 1942), kutoka kwake hadi kwa binti yake Fannie na kitukuu chake Dextra Quotskuyva. Ila angalia: wapo wafinyanzi Wahopi wa leo wanaochoma kwa tanuri la umeme, na chungu hutoka rangi moja. Kukosa mabaka peke yake si ushahidi kwamba ni bandia.