Tela la baiskeli kwa vyuma chakavu: ekseli ishikwe pande zote mbili

Ukikuta tela la baiskeli limeinamia upande mmoja, kagua ekseli kwanza. Mara nyingi imepinda, kwa sababu fundi ameishika upande mmoja tu. Ekseli ya baiskeli imetengenezwa kushikwa huku na huku. Ukiibana upande mmoja, mzigo wa kawaida na shimo moja la barabarani vinatosha kuikunja. Kwa hiyo kila tairi likae katikati ya mabomba mawili, la ndani na la nje.

Kwa wauza skrepa tafuta tairi mbili za nyuma zinazolingana. Kwenye baiskeli kubwa za 28, ringi ya nyuma huwa na spoku 40 na ya mbele 32, na ekseli ya nyuma ni nene zaidi. Fungua friwili (gia ya mnyororo), safisha habu (kitovu cha tairi), weka grisi na gololi mpya za robo inchi, 9 kila upande. Tairi za inchi 20 ni imara zaidi: tela halilali kwenye kona kama baiskeli, kwa hiyo tairi husukumwa kwa ubavu, na ringi kubwa hukata spoku upesi. Lakini kwenye mchanga wa mitaa ya Tabora ringi ndogo huzama. Chukua 28, kaza spoku zote, na usijaze upepo hadi tairi liwe gumu kama jiwe.

Kitanda cha tela, pale unapokaa mzigo, kiwe sentimita 60 kwa 100, cha bomba la pembe nne la inchi moja. Mabomba ya fremu kuukuu yanafaa, ila kata mbali na maungio. Pale pana shaba, na kuchomelea juu ya shaba hakushiki. Bomba la maji lenye zinki likwanguliwe kwanza, na kazi ifanyike nje, maana moshi wake unaleta homa. Tumia vijiti vya kuchomelea vya mm 2.5 na moto mdogo, la sivyo bomba linatoboka.

Vishikio vya ekseli ni bapa la chuma la mm 5, lililokatwa mfereji wa mm 10 unaofunguka kwenda chini. Hapo uzito wa tela wenyewe unakandamiza ekseli, na pancha ikitokea unalegeza nati mbili tu. Ekseli ikae sentimita 60 kutoka mbele ya kitanda na 40 kutoka nyuma. Ikisogea mbele zaidi, mzigo unainua tairi la nyuma la baiskeli, na hapo huna breki wala usukani wa kuaminika. Pakia, kisha nyanyua mkono wa tela, yaani bomba linaloliunganisha na baiskeli: usikie kama kilo 5 hadi 8.

Shikiza vipande kwa nukta za weldi kwanza. Pima umbali kati ya ringi mbili, mbele na nyuma. Tofauti ikizidi mm 3, tairi zitajisaga hata ukivuta tela tupu. Pima na kona kwa kona za kitanda. Vikilingana, ndipo uchomelee moja kwa moja.

Mkono upite kushoto, upande usio na mnyororo, ufungwe kwenye nati ya ekseli ya nyuma ya baiskeli. Nati isiposhika nyuzi zote, weka ekseli ndefu zaidi. Usifunge kwenye bomba la kiti, tela litakusukuma kwa juu ukishika breki. Kiungo kiwe kipande cha sentimita 15 cha bomba la mpira la haidroli kutoka kwenye mashine kuukuu, kinapinda na kujinyonga kila upande. Bolti peke yake inaruhusu upande mmoja tu, na baiskeli ikianguka weldi inaachia. Zungushia mnyororo wa zamani kama akiba.

Kilo 80 ndiyo mwisho. Wapakiaji hukosea kwenye asali: ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20, ya asali ni karibu 28, kwa hiyo hata ndoo tatu zimeshapita. Na breki za baiskeli hazijaongezeka. Kwa Tabora tambarare inasaidia. Mtu wa Kigoma anayeshuka kutoka Mwanga kuelekea ziwani apakie nusu, na ringi zikilowa ateremke akokote kwa mguu.