Nimechanganya mchele, mbona mtaji haurudi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka dogo la nafaka Temeke, Dar es Salaam. Nilinunua kilo 60 za mchele wa Kyela kwa shilingi 3,200 kila kilo, na kilo 20 za mchele wa Shinyanga kwa shilingi 2,400, nikauchanganya wote. Nilijumlisha bei hizo mbili, nikagawa kwa mbili, nikapata 2,800, hivyo nikauza kwa 2,900. Mchele umekwisha na fedha niliyo nayo haifikii mtaji. Nimekosea wapi? Na nichanganyeje kilo 80 nyingine ili kwa bei hiyohiyo nipate faida ya shilingi 200 kwa kilo?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa hasara hiyo. Shilingi 2,800 ni wastani wa bei mbili tu, na ungekuwa sahihi iwapo ungechanganya kilo sawa kwa sawa. Wewe uliweka Kyela mara tatu ya Shinyanga, kwa hiyo ni lazima kila bei izidishwe kwa kilo zake: 60 × 3,200 ni 192,000, na 20 × 2,400 ni 48,000. Jumla yake, 240,000, ukiigawa kwa kilo 80 unapata 3,000. Kila kilo uliyopima kwa 2,900 ilikula shilingi 100 za mtaji wako, yaani 8,000 kwa mzigo mzima.

Kwa swali la pili, faida ya 200 inataka kilo ikugharimu 2,700. Tuseme kilo za Kyela ni x. Za Shinyanga zitakuwa 80 − x.

3,200x + 2,400(80 − x) = 2,700 × 80
800x + 192,000 = 216,000
x = 30

Weka basi kilo 30 za Kyela na 50 za Shinyanga, na mnunuzi aambiwe wazi kuwa ni mchanganyiko, kwa kuwa anayelipia Kyela tupu ana haki ya kupata Kyela tupu.

Ukiwa dukani bila kalamu, tazama umbali wa kila bei kutoka 2,700: Shinyanga iko chini kwa 300, Kyela iko juu kwa 500. Namba hizo hubadilishana nafasi, Kyela ikachukua mafungu 3 na Shinyanga mafungu 5.

Lakini pima tena baada ya kupeta na kuchagua mawe. Zikipungua kilo 2 tu, zile 216,000 zitagawanywa kwa 78, kilo itakugharimu takribani 2,769, na faida yako itabaki kama shilingi 131.