Kwa mwanangu, aliyeambiwa hana nyota ya uongozi

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema hapo Guangzhou, Uchina, wanataka kukupa usimamizi wa ghala, watu 14 chini yako, na mama mmoja mnayefanya naye kazi amekupigia hesabu ya nyota ya Kichina akakuambia ukatae: nyota ya uongozi huna, na iliyokaa kwenye mwezi wako ni ile inayogombana na wakubwa. Unaniuliza kama kuna ukweli. Ya mbele anayajua Mungu peke yake. Lakini hesabu hiyo naifahamu kidogo. Madaktari wa Kichina, wa jimbo la Jiangsu, wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, nami nilifanya nao kazi wodini miaka mingi. Zamu za usiku zilikuwa ndefu, na mmoja wao alikuwa akinifundisha hesabu hiyo, bazi, yaani herufi nane za kuzaliwa, kwa kalamu na karatasi.

Kwanza, ulimpa saa gani ya kuzaliwa? Kadi yako ya kliniki nesi aliandika "3:30 asubuhi", kwa saa zetu. Nina hakika uliinakili vilevile. Kwao 3:30 ni usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa ya simbamarara. Wewe nilikuzaa jua limeshapanda, saa tatu na nusu, yaani 9:30 yao, saa ya nyoka. Siku wanaigawa mafungu 12, kila moja na mnyama wake, na fungu likibadilika, herufi mbili kati ya nane zinabadilika.

Herufi nane hizo ni mbili za mwaka, mbili za mwezi, mbili za siku na mbili za saa, moja juu na moja chini. Kila herufi kwao ni mti, moto, udongo, chuma au maji, na kila kimoja kina pande mbili, yin na yang. Ya juu ya siku ndiyo mtu mwenyewe. Wewe ni Jia, mti mkubwa. Sasa, uongozi hawautafuti kwenye nguvu za mtu. Wanautafuta kwenye kile kinachomtawala, na kinachotawala mti ni chuma. Chuma cha yin, kwa kuwa wewe ni yang, ndicho Guan, Afisa, ile nyota ya uongozi: cheo cha taratibu na sheria. Chuma cha yang mwenzako ni Qi Sha, Mauaji Saba: amri kali, ya vitani.

Hapo nilimsimamisha daktari. Vipi kinachokukata ndicho kikupe cheo? Akanichorea herufi za Qianlong, mfalme wa Uchina, aliyezaliwa 25 Septemba 1711. Siku yake ni chuma, na amezaliwa mwezi wa vuli, chuma kikiwa na nguvu zake zote. Juu ya mwezi pana moto, juu ya saa pana moto: Afisa upande mmoja, Mauaji Saba upande wa pili, yeye katikati. Chuma kigumu bila moto ni pande tu, mhunzi hana la kukifanyia. Moto ndio unaokitoa upanga. Na mfalme huyo, alipotimiza miaka 60 kitini, aliachia mwaka 1796 ili asimpite babu yake Kangxi kwa urefu wa utawala. (Madaraka yenyewe aliendelea kuyashika mpaka kufa, lakini heshima ya babu aliiweka.) Tangu usiku ule naelewa hivi: wanapouliza kama mtu ana Guan, wanauliza kama ana kitu kinachomzuia, naye akakubali kuzuiwa.

Rudi kwako. Ndani ya saa ya nyoka wanasema kumefichika Geng, chuma cha yang. Ndiyo Mauaji Saba yako. Kwenye saa ya simbamarara hakuna chuma hata chembe. Basi hata kwa kanuni zao, mama yule amemsoma mtu mwingine.

Jambo jengine limeniuma zaidi. Amekuambia pia kwamba kukosa Guan ni kukosa mume. Vitabu vya zamani ndivyo vinavyosema: nyota hiyohiyo kwa mwanamume ni cheo, kwa mwanamke ni mume. Na sababu haiko mbinguni. Mitihani ya kuingia serikalini, mpaka ilipofutwa 1905, ilikuwa ya wanaume tu, basi mwanamke alisomewa cheo kwa mumewe. Na Wu Zetian, mwanamke, alikaa kwenye kiti cha ufalme wa Uchina kwa jina lake mwenyewe, tangu 690 hadi 705.

Nyota ya ugomvi siikatai. Umezaliwa Juni, mwezi wa moto, na moto huo wanauita Shang Guan, anayemjeruhi Afisa. Mimi sikuhitaji herufi kuliona hilo. Niliitwa shuleni ulipokuwa darasa la sita, ulipomsahihisha mwalimu mbele ya wenzio. Alikuwa amekosea, lakini ulimwaibisha. Dawa yake kwao ni Muhuri, yaani maji: yanapoza moto na yanalisha mti. Muhuri ni elimu na hati, na pia ni mama. Basi nisikilize.

Huko karatasi ya kampuni hupata nguvu kwa ule muhuri mwekundu wa duara. Kabla hujajibu, uliza wa ghala lako atashika nani, na karatasi zipi utaruhusiwa kuzigonga. Ukipewa watu 14 na muhuri ukabaki kabatini kwa mwengine, utabeba lawama bila amri, kataa. Ukipewa vyote, kubali. Nipigie Ijumaa baada ya sala unieleze walivyojibu.

Mama yako