Je, tumfanyie binti yetu sherehe ya kuzaliwa?

SWALI: Assalaam alaykum. Binti yangu anatimiza miaka saba mwezi ujao. Shuleni wenzake huletewa keki, huimbiwa na kuzima mishumaa, na wifi yangu ameshajitolea kuoka. Mume wangu anasema ni bidaa na hataki kusikia. Mama mkwe anauliza mbona maulidi tunasoma. Tushike lipi? — Mama, Tanga.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Dada yetu, wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hili. Sheikh Ibn Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia hadi kufariki kwake mwaka 1999, alilikataza, na wenye rai hiyo hutegemea hadithi ya Anas iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia zilizo bora kuliko hizo, Idi ya Kuchinja na Idi ya Fitri. Dar al-Iftaa ya Misri, taasisi ya kutoa fatwa nchini humo, imeruhusu, kwa hoja kwamba hii ni ada wala si ibada, na asili ya ada ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza.

Kwa hiyo neno la mume wako linahitaji kurekebishwa kidogo. Bidaa ni kuzua katika dini, na sijapata kumsikia mtu anayekata keki kwa kutarajia thawabu. Hoja yenye uzito zaidi upande wake ni kujifananisha na wasio Waislamu katika mambo yao mahususi. Ama mama mkwe, maulidi yana mjadala wake mrefu, na hata wanaoyasoma huyatetea kwa dhikri, kwa kumswalia Mtume na kwa hadithi iliyomo katika kitabu cha Imamu Muslim, ambamo Mtume, alipoulizwa kuhusu kufunga Jumatatu, alijibu kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Hapo pana saumu, tena ya kila wiki, mishumaa haimo.

Mimi naegemea kuiacha sherehe yenyewe. Mtazame mtoto anapoinamia keki: huambiwa anuie jambo moyoni kwanza, kisha apulize, na mishumaa ikizimika yote kwa pumzi moja ndipo litimie. Je, pale anamwomba nani? Binti wa miaka saba ndiyo kwanza tunamfundisha kuinua mikono kwa Mola wake. Na akikua kidogo huja ule mchezo wa kumwagiana maji, mayai na unga uani, unga ambao ungetosha ugali wa nyumba nzima, na huo ni israfu bila hitilafu yoyote. Lakini keki ya wifi yako ni unga, mayai na sukari. Msimwambie ni haramu mkavunja udugu kwa jambo ambalo wanazuoni wenyewe hawakukubaliana.

Lipo jambo ambalo hamkuliuliza. Umri wa kisharia huhesabiwa kwa mwaka wa mwezi mwandamo, ambao ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo katika miaka saba tofauti hufika kama siku 76. Binti yenu ameshatimiza saba tangu mwezi uliopita, na saba ndio umri ambao Mtume (s.a.w.) alituagiza tuwaamrishe watoto swala. Kama hajapata msala wake na kanga ya kuswalia, hapo mmechelewa, na hiyo ndiyo zawadi ya kumtafutia kabla ya nyingine.

Tena, kama hamkumfanyia akika, yaani kumchinjia mnyama kwa ajili ya kuzaliwa kwake, katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, muda wake haupiti mpaka abaleghe. Kwa binti ni mbuzi mmoja. Mchinjeni, waiteni jirani na hao wenzake wa shule, wifi naye alete keki yake bila mishumaa, iliwe baada ya pilau.

Wallahu aalam.