Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya Samaki, Bei Yake na Ubora Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, daktari amenishauri nitumie mafuta ya samaki yenye omega-3 kwa kuwa sili samaki. Dukani nimekuta chupa mbili. Ya kwanza ina vidonge 100 na imeandikwa kwamba kila kidonge kina miligramu 1,000. Ya pili ina vidonge 60, navyo ni vya miligramu 1,000 vilevile, lakini bei yake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Je, ninunue hiyo ya bei kubwa?

JIBU: Ndugu msomaji, usemi huo una ukweli wake, lakini hapa utangulize hesabu. Ile miligramu 1,000 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni uzito wa mafuta yote yaliyomo kidongeni, wala si uzito wa kile ulichotumwa kukitafuta. Daktari anapotaja omega-3 ya samaki hukusudia hasa asidi mbili za mafuta, EPA na DHA, na katika mafuta ya kawaida ambayo hayajakolezwa, hizo mbili kwa pamoja huwa karibu asilimia 30 tu: aghalabu miligramu 180 za EPA na miligramu 120 za DHA katika kidonge cha miligramu 1,000. Sehemu iliyobaki ni mafuta mengine ambayo hukuwa na haja ya kuyafuata dukani.

Kwa hiyo igeuze chupa, usome jedwali lenye maandishi madogo, ujumlishe EPA na DHA, uzidishe kwa idadi ya vidonge, kisha ugawanye bei kwa jumla hiyo. Tuseme chupa ya kwanza inauzwa 30, kwa fedha yoyote unayotumia, na ya pili 60. Ikiwa kidonge cha kwanza kina miligramu 300 za EPA na DHA, chupa nzima ina gramu 30, yaani kila gramu inakugharimu 1. Ikiwa kidonge cha pili kimekolezwa hadi miligramu 600, chupa hiyo ina gramu 36, na kila gramu inakugharimu takriban 1.7. Kufikia hapo, ile rahisi imeshinda. Lakini soma tena mstari wa juu wa jedwali, kwa maana mara nyingi takwimu hutolewa kwa kipimo cha mlo mmoja, na kipimo hicho kinaweza kuwa vidonge viwili. Kama zile miligramu 300 ni za vidonge viwili, chupa ya kwanza ina gramu 15 tu, kila gramu ni 2, na ile uliyoiona ghali imegeuka kuwa rahisi bila bei yoyote kubadilika. Nimeona watu makini wakinaswa na mstari huo mmoja.

Usidanganyike pia na jumla iitwayo «omega-3» bila kutaja EPA na DHA, wala na mchanganyiko wa omega 3, 6 na 9. Mafuta ya kupikia huwapatia watu wengi omega-6 ya kutosha, na omega-9 mwili hujitengenezea wenyewe, kwa hiyo hapo unalipia nafasi ndani ya kidonge.

Kiasi unachohitaji nacho hubadilisha hesabu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Umoja wa Ulaya imeweka miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku kuwa kiasi kinachomtosha mtu mzima mwenye afya, na kiasi hicho hupatikana katika kidonge kimoja cha kawaida. Ikiwa daktari amekutajia gramu 2 kwa siku, utalazimika kumeza vidonge 7 vya kawaida, ilhali vilivyokolezwa vingetosha 4, na hapo kulipa zaidi kidogo ni jambo la busara. Hata hivyo, viwango vikubwa vya namna hiyo usijipangie mwenyewe, kwa kuwa vimehusishwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kwa baadhi ya watu, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa kumwarifu daktari wake kwanza. Vidonge vyako, vya chupa yoyote, vimeze pamoja na chakula chenye mafuta: vingi vilivyokolezwa viko katika umbo liitwalo esta ya ethili, ambalo tumbo tupu hulifyonza vibaya.

SWALI: Nilinunua chupa kubwa ya mafuta ya maji kwa sababu ilikuwa na punguzo. Sasa yananuka shombo kali, naye muuzaji anasema mafuta ya samaki lazima yanuke. Yale ya ladha ya limau hayanuki. Nimwamini?

JIBU: Usimwamini. Mafuta mabichi yaliyosafishwa vizuri hunukia kidogo sana, kama samaki aliyetoka majini muda huu. Shombo kali, na ule ukakasi unaobaki kooni, ni dalili ya mafuta yaliyochacha. EPA na DHA huharibika haraka kuliko mafuta mengi tunayoyajua, kwa sababu molekuli zake zina sehemu nyingi ambazo oksijeni huzishambulia, na mwanga na joto huiongezea kasi kazi hiyo.

Viwanda hupima uharibifu huo kwa namba mbili. Namba ya peroksaidi huonyesha uharibifu unaoanza, na namba ya anisidini huonyesha uliokwisha kupita. Zote mbili zinahitajika, kwa kuwa peroksaidi hupanda kisha hushuka, hivyo mafuta mabovu kabisa yanaweza kuonyesha namba ndogo ya peroksaidi. Ukiizidisha ya kwanza kwa 2 na kuongeza ya pili unapata jumla iitwayo TOTOX. Viwango ambavyo chama cha wazalishaji wa omega-3, GOED, kimewawekea wanachama wake ni peroksaidi isiyozidi 5, anisidini isiyozidi 20 na TOTOX isiyozidi 26. Mzalishaji anayejiamini atakuonyesha cheti cha uchambuzi chenye namba ya toleo, yaani ya fungu la uzalishaji, ileile iliyo kwenye chupa yako, hasa kikiwa kimetolewa na maabara isiyo yake. Cheti cha jumla, kisicho na namba ya toleo, ni tangazo tu.

Kuhusu limau, mimi huliona kuwa rafiki wa muuzaji zaidi kuliko wa mnunuzi. Si kila mafuta yenye ladha ni mabovu, lakini ladha huficha shombo, na baadhi ya viungo hivyo huvuruga hata kipimo cha anisidini. Kwa vidonge, tafuna kimoja: ulimi wako hautozi ada. Kwa mafuta ya maji, nunua chupa ndogo ya kioo cheusi, ihifadhi kwenye jokofu baada ya kuifungua, na usiogope yakifanya ukungu kwa baridi, kwa kuwa huko ni kuganda kwa baadhi ya mafuta wala si kuharibika. Punguzo la chupa kubwa huwa na faida kwa familia inayoimaliza mapema, si kwa mtu mmoja.

SWALI: Mke wangu ni mjamzito. Duka moja linasifu mafuta «yasiyo na zebaki», jingine lina mafuta ya uduvi wa Antaktika, jingine ya mwani, na la nne ya ini la samaki, ambayo ndiyo rahisi kuliko yote. Tuchague yapi?

JIBU: Sifa ya kutokuwa na zebaki isiwapandishie bei. Zebaki hushikamana na protini za nyama ya samaki, na ni kidogo sana inayoingia kwenye mafuta, hata yale ya bei nafuu. Vichafuzi vinavyopenda mafuta ni dioksini na PCB, ambavyo hupunguzwa kwa kuyakeneka mafuta, yaani kuyatenga kwa mvuke, katika ombwe, chombo kilichoondolewa hewa; vipimo vya hivyo viwili ndivyo vya kutafuta kwenye cheti.

Mafuta ya uduvi, yaani krili, yana EPA na DHA katika umbo la fosfolipidi, aina ya mafuta yenye fosfori, na hilo husifiwa sana, lakini vidonge vyake kwa kawaida ni vidogo na gramu moja hutoka ghali mno. Mafuta ya mwani mdogo usioonekana kwa macho yana DHA nzuri, na si ajabu, maana samaki wenyewe huipata huko kupitia chakula chao.

Ya ini la samaki yaacheni kwa sasa, hata kama bei yake inavutia. Yana vitamini A iliyo tayari kutumika mwilini, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Chagueni kati ya mafuta ya mwani na yale ya mwili wa samaki, na kabla ya kulipa mkunga au daktari anayefuatilia ujauzito aione lebo, kwa kuwa huenda vidonge anavyotumia mama tayari vina DHA ndani yake.