Mzee alale wodini: anza kwa kulala kwenye kitanda chake

Kabla wodi haijanunua chochote, mtu mmoja katika zamu ya usiku apande kitanda kilicho wazi, alale chali, taa zikiwa kama zinavyokuwa saa 8 usiku. Ile taa ya korido ambayo muuguzi aliyesimama haioni kabisa itampiga usoni.

Baada ya hapo tenga usiku mmoja wa kuangalia tu, saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Chora karatasi yenye safu tatu: saa, kilichomwamsha, na kama jambo hilo lingeweza kusubiri. Asubuhi usimuulize mzee, "Umelala vizuri?" Wengi hujibu "Vizuri tu" ili wasionekane wasumbufu. Muulize, "Usiku nini kilikuamsha?" Hapo atakutajia mpaka kifuniko cha pipa.

Karatasi nyingi zinaonyesha kwamba ratiba yetu inawaamsha wazee kama ugonjwa wenyewe, au zaidi. Vipimo vya kila baada ya saa nne (joto, presha, mapigo ya moyo) huangukia saa 4, saa 8 na saa 12. Mgonjwa aliyetulia, ambaye vipimo vya saa 4 viko sawa, anaweza kuachwa alale, lakini daktari aandike hivyo kwenye faili. Pasipo maandishi muuguzi ataamsha tu, na hatumlaumu, kwa sababu likitokea lolote ataulizwa yeye. Ruhusa hiyo haimhusu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mwenye homa, anayeongezewa damu wala mwenye oksijeni isiyotulia. Asiyeweza kujigeuza naye lazima ageuzwe, ila kumgeuza, nepi, dripu na dawa vifanywe kwa safari moja.

Pitia dawa pamoja na daktari. Furosemide, dawa ya kuongeza mkojo, ikitolewa jioni humpeleka mzee chooni usiku kucha. Kama ni dozi mbili, ya pili isogezwe hadi saa 8 mchana. Prednisolone, dawa ya steroidi inayoweza kufukuza usingizi, itolewe asubuhi. Dawa ya maumivu itangulie usingizi kwa nusu saa hivi. Tunasisitiza sana kuhusu dawa za usingizi: diazepam na ndugu zake, pamoja na diphenhydramine (dawa ya mzio inayoleta usingizi), humwongezea mzee hatari ya kuanguka na kuchanganyikiwa ghafla. Hata hivyo, aliyezitumia kwa muda mrefu asikatishwe kwa siku moja. Kinywaji cha moto, kusuguliwa mgongo na muziki wa taratibu vimo katika HELP, mpango wa kuwakinga wazee waliolazwa wasichanganyikiwe, ulioasisiwa na daktari Sharon Inouye wa Marekani, na vinastahili kujaribiwa kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa desibeli 30 usiku katika vyumba vya wagonjwa. Kiwango hicho ni kigumu kukifikia, hivyo winda chanzo kimoja kimoja. Pampu ya dripu mara nyingi hulia kwa sababu kanula (kimrija kinachoingia kwenye mshipa) iko kwenye kiwiko na mzee amekunja mkono. Kanula iwekwe kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko. Mfuko unaokaribia kwisha ubadilishwe saa 4, usisubiri kengele. Pipa la chuma libandikwe vipande vinne vya mpira ukingoni. Nyuzi na nywele zilizojisokota kwenye magurudumu ya troli zitolewe.

Kosa linalofuata ni kuzima kila kitu. Mzee anaamka, haoni choo, anaanguka. Weka taa hafifu ya rangi ya chungwa chini ya usawa wa kitanda, njia yote hadi mlangoni. Miwani, kifaa cha kusikia na kengele vikae mahali palepale kila usiku, mkono unapofika. Vizibo vya masikio na kitambaa cha macho vijaribiwe kwanza mchana, maana mwenye tatizo la kumbukumbu anaweza kuogopa, akikataa, basi.

Mchana nao una kazi: pazia lifunguliwe asubuhi, ale akiwa ameketi kwenye kiti, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa wala kupita saa 9 alasiri.

Usibadilishe wodi nzima. Chukua vitanda vinne, usiku tatu, badiliko moja, na zamu ya usiku iwe mezani tangu mwanzo. Kila kitanda kiwe na kadi: hulala saa ngapi nyumbani, mito mingapi, taa au giza, choo mara ngapi. Ijazwe na mzee mwenyewe au anayemuuguza, kwa penseli, maana baada ya usiku wa pili majibu hubadilika.